Simu Yenye Mlango

Sikusudii kuomba radhi kwa yaliyotokea juma lililopita. Nayarudia kwa ufupi tu, kwa sababu wapo walioyasikia kwa majirani, na majirani hawana kipimo katika kutia chumvi.

Ukweli ni huu. Simu yangu ya kupapasa iliamka yenyewe ndani ya mfuko wa shati, ikanirekodi nikiibembeleza suruali yangu ya sherehe, ambayo tangu mwaka jana haielewani na kiuno changu. "Ingia, mpenzi," nilikuwa nikisema. "Kidogo tu. Vuta pumzi, usinitie aibu." Kisha ikayatuma maneno hayo kwenye kundi la wanafunzi wa zamani wa shule yetu, wanaume zaidi ya mia mbili, bila kutaja popote kwamba aliyekuwa akibembelezwa ni suruali.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya kundi hilo. Nasema niliyekuwa.

Shuleni kwetu Mlimani, shule ya bweni iliyonilea na kuninyoosha, tulifundishwa kwamba kila kitu chenye heshima kina mlango. Kabati lina mlango. Bafu lina mlango. Hata ulimi umewekewa meno. Simu ya kupapasa haina. Imelala wazi mchana kutwa kama mlevi uani. Niliizima, nikaitia ndani ya soksi, nikaapa kwamba simu nitakayoibeba tena maishani itakuwa simu yenye mlango.

Niliipata kwa fundi redio, ndani ya sanduku la vitu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Ilikuwa simu ya kukunja, ya zamani, rangi ya damu ya mzee, na mgongoni ilikuwa na kidirisha chembamba kama cha mlinzi wa getini, kinachoonyesha saa kila ikifungwa.

"Mzee, hii haina intaneti," fundi alinionya. "Na picha zake utadhani zimepigwa ndani ya chungu."

"Ukiifunga, inafunga?"

"Ukikunja tu, mazungumzo yamekwisha."

"Hata kama mwenzako hajamaliza?"

"Hata kama anakata roho."

Niliifunua. Nikaifunga. Kap!

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kurukaruka. Lakini mlio ule! Ulikuwa mlio wa mlango wa bweni baada ya kengele ya mwisho, mlio wa neno lililosemwa likatosha. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Kap! mbele ya benki. Kap! mbele ya kinyozi. Nilipofika kona ya barabara nilikuwa nimeifunga mara nyingi kuliko nilivyoifungua, jambo ambalo kihesabu haliwezekani, lakini ndivyo nilivyohisi moyoni.

Nyumbani naishi na dada yangu mkubwa. Aliitazama, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Umeleta mtego wa panya?"

"Ni simu, Dada."

"Basi panya wa nyumba hii wataanza kutupigia."

Nilikwenda chumbani nikafunga mlango, kisha nikafunga simu. Raha juu ya raha.

Kesho yake niliipeleka kazini. Kazi yangu ni duka la miwani. Mimi hutengeneza fremu, husaga lenzi na kukaza bawaba. Mwenzangu hupima macho katika chumba cha nyuma, na kwa kuwa kutwa nzima huwauliza watu herufi, jina lake limekuwa hilo hilo, Herufi.

"Kiranja!" alipiga ukelele. Mtaa mzima huniita Kiranja. Sijawahi kulikataa jina hilo, kwa sababu nilikuwa kiranja mkuu. "Kiranja, hicho ni kikasha cha miwani, au umemkaanga mende?"

"Ni simu. Na nakuomba ushushe sauti, tuna wateja."

Mteja mmoja, bibi mwenye kofia ya sufu, alikwisha kuichukua juu ya meza. Alikuwa akijaribu kuilaza miwani yake humo ndani.

"Haiingii," alisema kwa huzuni. "Nipe kubwa yake, mwanangu."

Ikabidi nimwonyeshe. Kap! Bibi akashtuka, kisha akacheka mpaka kofia ikamwangukia usoni. "Hebu tena." Nikafanya tena. "Nipe na mimi." Akafanya yeye. Bwana mmoja aliyekuja kwa hasira, akilalamika kwamba fremu niliyomtengenezea inamng'ata sikio, aliomba aishike mara moja tu. Aliifungua na kuifunga mara saba, akatushukuru kwa huduma nzuri, akaondoka na sikio lake likiwa limeng'atwa vile vile.

Kufikia adhuhuri watu walikuwa wakiingia dukani wakiwa na macho mazima kabisa.

"Kiranja, tuache miwani," Herufi akasema. "Tutoze kwa kap."

Nilimkemea. Lakini sitaficha: nilikuwa na furaha ambayo sikuijua tangu siku niliyokabidhiwa kengele ya shule.

Ndipo akaingia Bi Dawa.

Bi Dawa ndiye mwenye duka la dawa la jirani. Ni mjane, na ana kicheko kinachopita ukuta wetu kama vile ukuta haukujengwa. Kwa miezi mingi nimekuwa nikienda kwake kununua plasta. Sijikati. Nyumbani nina plasta za kufunga majeraha ya kikosi kizima cha askari.

"Nimesikia kuna mlango mpya mtaani," alisema, akinyoosha mkono. "Lete."

Nilimpa. Hakucheka kama wengine. Aliifunua taratibu, akaitia sikioni, akanikazia macho, kisha akaifunga kwa kidole kimoja. Kap!

Wee! Kicheko alichokiachia kilitikisa fremu za dirishani.

"Napenda hii! Inajua kumaliza maneno. Si kama watu wengine ninaowajua, wanaoning'inia kwenye kaunta yangu nusu saa wakiuliza tofauti ya plasta pana na nyembamba."

Herufi akaona ghafla kwamba ana kazi chumba cha nyuma.

"Bi Dawa," nikasema, nikisimama wima, "suala letu bado lipo pale pale."

"Suala gani, Kiranja?"

"Nilikueleza kinagaubaga. Nilisema naona ni vyema mimi na wewe tuunganishe nguvu."

"Kama ni nguvu, nitanunua jenereta."

Mlimani tulifundishwa kuhutubia, kutetea hoja na kuandika barua za aina zote. Neno lile analolitaka Bi Dawa halikuwa kwenye mtaala.

Akaona naumia, akalainika. "Sikiliza. Kaka yangu anakuja Jumamosi. Unajua ni hakimu mstaafu. Hataki kumwona mtu kabla hajaisikia sauti yake. Enzi za mahakama alikuwa akifumba macho shahidi akizungumza. Anasema uso hudanganya, sauti haidanganyi. Atakupigia saa tisa, ukifunga duka."

"Na akinikataa?"

Kicheko chote kilimtoka usoni. "Sitamvuka, Kiranja. Wazazi walipotutoka ndiye aliyenilea. Mikono ile iliyokuwa ikigonga nyundo mahakamani ndiyo iliyokuwa ikinisuka nywele. Akisema hapana, ni hapana, nami nitakuuzia plasta mpaka tuzeeke." Aliniwekea simu kiganjani. "Na akisema ndiyo, bado wewe mwenyewe hujaniambia kitu. Mimi siolewi kwa hotuba."

Akaondoka. Hilo ndilo lililokuwa mezani, wasomaji wangu: sauti yangu, masikio ya mtu mmoja, na mwanamke ambaye nikimkosa sitakuwa na sababu ya kununua plasta tena.

Ijumaa simu ikaugua. Mikono ya mtaa mzima ilikuwa imeilegeza bawaba, mfuniko ukawa unaning'inia kama kidevu cha mtu aliyesinzia kanisani. Je, fundi miwani ashindwe na nani kwa bawaba? Niliitandika juu ya kitambaa, nikafungua mfuniko, nikaingia kwa bisibisi yangu ya kazi, ile yenye sumaku nchani. Skrubu zetu ni ndogo kama kichwa cha sisimizi. Bila sumaku utazitafuta sakafuni mpaka ustaafu.

Nilikaza. Nilifunga. Nchani mwa bisibisi kulikuwa kumenasa kichembe cheusi, chembamba kama ganda la ufuta. Uchafu wa fremu, nikawaza, nikakiacha hapo hapo.

Kap! Mlio ulikuwa mzuri kuliko siku ya kwanza. Kidirisha cha mgongoni hakikuonyesha saa, lakini nani atazame saa wakati mlio ni ule?

Jumamosi saa tisa Herufi alikwisha kuondoka. Niliteremsha shata la mlango, nikabaki mwenyewe na meza ya kazi, mashine ya lenzi, na kile kichwa cha plastiki tunachokivisha miwani ya maonyesho. Nilikuwa nimevaa suruali ya sherehe. Iliingia, ahsante, bila mazungumzo.

Simu ikalia. Niliifunua, nikabonyeza kitufe cha kijani.

"Jina lako sitaki," ilisema sauti nzito. "Nitalijua nikiridhika. Umri?"

"Hamsini na moja, Mheshimiwa."

"Umewahi kuoa?"

"Bado."

"Bado!" Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa, na vijiko vikigonga sahani. "Kazi?"

"Fundi miwani."

"Unakunywa?"

"Maji."

"Kamari?"

"Hata karata sizijui, Mheshimiwa."

"Unakoroma?"

"Sijawahi kujisikia."

"Mmh. Shahidi mkweli huyu." Alisema hivyo kando, kwa mtu mwingine. Moyo wangu ulipiga kap. "Sauti ni ya mtu aliyenyooshwa. Ulisoma wapi?"

Nilijinyoosha zaidi. "Mlimani, Mheshimiwa. Nilikuwa kiranja mkuu."

Nilisikia kiti chake kikisogezwa.

"Mlimani," akarudia, kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. "Mimi ni wa Bondeni."

Kwa msomaji aliyelelewa kwao, akala kwa mama na kulala kitandani kwake, itabidi nieleze. Mlimani na Bondeni ni shule mbili za bweni zinazotazamana, moja juu, moja chini. Tulishindana nao mpira, mijadala, kwaya, mpaka urefu wa foleni. Kila Jumapili waliimba wimbo wa shule yao kwa unyenyekevu mkubwa, upepo ukatuletea juu, nasi tukaupokea na kuutengeneza upya.

"Mheshimiwa," nikasema kwa uangalifu, "hayo ni ya zamani."

"Ya zamani? Mlitufunga kwa bao la mkono!"

"Refa alilikubali."

"Refa alikuwa mwalimu wenu!"

"Mwalimu wa somo la dini, Mheshimiwa. Asingeweza kusema uongo."

"Shule gani ile! Shule ya kufundisha watoto kupiga pasi! Mnatoka mle mmenyooka makola, vichwani hamna kitu. Nimewahukumu wa Mlimani wengi kizimbani, wote walikuwa wamechomekea vizuri!"

Ningenyamaza, ningekuwa nimeoa. Najua. Lakini kuna mambo mtu hayamezi.

"Mheshimiwa Hakimu," nikasema, "nimekusikiliza kwa adabu niliyofundishwa katika shule unayoitukana. Siwezi kuinunua heshima ya kuwa shemeji yako kwa kuikana shule iliyonilea. Kama hiyo ndiyo hukumu, naipokea. Nakutakia mchana mwema."

Kap!

Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimesimama wima kama mlingoti. Nilikuwa pia, kama nilivyotambua baada ya muda mfupi tu, nimempoteza Bi Dawa.

"Hakimu!" nikakiambia kichwa cha plastiki. "Hakimu wa nini? Hakimu wa kunguni!"

Kichwa kilinitazama kwa miwani yake ya jua.

"Bao la mkono! Miaka yote hii mtu mzima bado analia bao! Na mimi namwita Mheshimiwa, Mheshimiwa, kama kasuku, kwa nini? Kwa sababu nampenda dada yake!"

Neno lilikuwa limetoka. Lilizunguka duka, likagonga vioo, likanirudia. Nikaona halina madhara. Mlango ulikuwa umefungwa. Nani alikuwa akisikia?

"Nampenda!" nikasema tena, kwa sauti zaidi. "Nampenda mpaka lenzi za watu nasaga kombo! Akicheka kule ng'ambo ya ukuta, skrubu zinanimwagika! Plasta! Nani ananunua plasta kila siku ya Mungu? Nina plasta chini ya godoro! Bi Dawa, mama, hata usinifanye mume, nifanye dawa yoyote, uniweke kwenye rafu ya juu, uwe unanifuta vumbi!"

Nikakinyakua kichwa cha plastiki kiunoni, yaani pale ambapo kingekuwa na kiuno, nikaanza kucheza nacho. Mimi. Kiranja mkuu. Nilizunguka mashine ya lenzi, nikapita chini ya ubao wa herufi, suruali ikilalamika. Niliuimba wimbo wetu wa Mlimani beti zote. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekasirika, na nimefurahi, na sikujua tena kipi ni kipi, nikauimba na ule wa Bondeni, kama tulivyoutengeneza:

"Bondeni, mama mlezi, twakuenzi daima,
Kunguni wako ni wengi, walimu hawana nyama!"

Nikarudia kiitikio nikipiga meza kwa kiganja.

"Endelea, Bwana," ilisema sauti nzito. "Mahakama haijaahirishwa."

Nilitazama mlangoni. Shata lilikuwa chini. Nilitazama chumba cha nyuma. Hapakuwa na mtu. Nilikitazama kichwa cha plastiki, na nakiri kwamba kwa dakika moja nilikishuku.

Kisha nikaitazama simu. Ilikuwa mezani, imefungwa kabisa, midomo imebanana. Kwenye ufa wa mfuniko kulikuwa kunavuja mwanga mwembamba.

"Mwacheni amalize," ilisema simu iliyofungwa, sasa kwa sauti ya kikongwe. "Kijana ana sauti. Rudia pale pa walimu, mwanangu, sikusikia vizuri."

"Shangazi!" sauti nzito ikafoka.

"Shangazi nini? Wewe si ndiye uliyetuwekea spika ili tumsikie wote?"

Halafu kikaja kile kicheko. Safari hii hakikupita ukutani. Kilitoka ndani ya simu yenye mlango uliofungwa, kikakata, kikaanza upya, kikapigapiga meza ya huko kiliko, mpaka na mimi, pamoja na kwamba nilikuwa nimekufa, nikajikuta natabasamu.

"Kiranja," akasema Bi Dawa alipopata pumzi.

"Naam."

"Rudia lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua. Na usiliambie duka. Niambie mimi."

Nilisimama wima. Nilishusha kichwa cha plastiki chini, kwa heshima.

"Nakupenda," nikasema.

Nikasikia vijiko vyote vya nyumba ile vikitulia.

"Haya," akasema polepole. "Basi na mimi nakujibu mbele ya kaka na Shangazi, ili asitokee wa kusema hakusikia. Jibu langu, Kiranja, ni..."

Fundi akiogopa, mkono wake hutafuta kifaa. Ni tabia ya kazi, haina ubaya. Wangu uliikuta bisibisi, ukaishika, na nikainama nayo juu ya simu ili nisikose hata herufi moja.

Simu ikanyamaza.

Si kwamba alinyamaza yeye. Simu ndiyo iliyonyamaza. Mwanga wa ufani ulizimika, na kidirisha cha mgongoni, kilicholala tangu jana, kikaamka kikanionyesha saa.

Niliondoa bisibisi. Mwanga ukarudi. Nikaisogeza tena. Ukazimika. Pale nchani kichembe kile cheusi kilikuwa bado kimenata kama kupe. Ndugu zangu, haukuwa uchafu wa fremu. Ilikuwa sumaku ya mfuniko, kile kitu kidogo ambacho huiambia simu kwamba mlango umefungwa. Bisibisi yangu ilikuwa imeing'oa jana. Tangu hapo nilikuwa nikipiga kap tupu: mlango ulibamizwa, simu haikujua. Na sasa, kwa sekunde pekee katika maisha yangu ambayo nilitaka mlango ubaki wazi, nilikuwa nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliitupa bisibisi mbali, nikampigia. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Bila shaka yeye naye alikuwa akinipigia, nami nikimpigia, tukizuiana kama watu wawili wenye adabu mlangoni.

Nikaacha. Ujumbe ukaingia.

"Umenifungia TENA? Jibu langu utalifuata hapa nyumbani, kwa miguu yako. Kaka anasema ulisema kweli kuhusu kila kitu isipokuwa bao, na anakutaka. Ila ana sharti moja. Umeuharibu wimbo wa shule yake mbele ya Shangazi. Utauimba upya, mzima, kama unavyopaswa kuimbwa. Ukikosea neno, hakuna ndoa. Hatanii, Kiranja. Amesimama tayari."

Nilibusu simu. Nilibusu kichwa cha plastiki. Nilipandisha shata, nikatoka, nikasahau kufunga, nikarudi, nikafunga, nikaanza kukimbia. Watu wa mtaani walisimama kunitazama. Mtu aliyepigania sheria ya kutokimbia koridoni sasa alikuwa akiruka mitaro. Suruali ilichanika mahali fulani kati ya benki na kinyozi. Sikuibembeleza.

Mbele ya kituo cha mafuta ndipo nilipopunguza mwendo. Nilikuwa najaribu kuukumbuka wimbo.

Mstari wa kwanza ulikuja wenyewe. Wa pili ulikuja na kunguni.

Nikaanza upya. Kunguni.

Nikaifunua simu, nikampigia mwenzangu tuliyelala kitanda cha ghorofa bweni moja, mimi chini, yeye juu, mtu pekee kundini aliyeamini habari ya suruali.

"Suruali!" alipokea kwa furaha. "Hajambo huyo mpenzi?"

"Sina muda. Wimbo wa shule ya Bondeni. Ule halisi. Mstari wa pili unasemaje?"

"Kunguni wako ni wengi..."

"Halisi, nimesema! Wanaouimba wenyewe!"

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri kwa dhati. "Kiranja," akasema mwishowe, "kwani una maneno mengine?"

Nilikunja mfuniko, nikakumbuka, nikafunua, nikabonyeza kitufe chekundu mara mbili, nikaingoja simu izime. Hata hivyo sikurudi nyuma. Mlimani hatukufundishwa kurudi nyuma. Ningefundishwa, leo ningekuwa na akili.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Sebuleni meza ilikuwa bado na sahani, na katikati yake simu ya Bi Dawa, imelala chali. Kikongwe mmoja alikuwa amekwisha kuvuta kiti karibu. Bi Dawa alisimama dirishani, amebana midomo kwa ncha ya kanga ili asicheke, macho yake yakiwa yananing'ang'ania.

"Ni huyu?" akauliza Shangazi. "Mbona amechanika?"

Mbele yao alisimama mzee mrefu, amejikakamua, visigino pamoja, kiganja kifuani. Makola yake, naeleza kwa haki, yalikuwa yamenyooka sana.

Hakunipa mkono. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akasema neno ambalo sikuwa nimewahi kuitwa na mtu yeyote duniani.

"Shemeji," akasema. "Ubeti wa kwanza."

Akafumba macho, kama alivyokuwa akifanya mahakamani.

Niliunganisha visigino. Nilimtazama Bi Dawa. Alikuwa ameacha kucheka. Alinitikisia kichwa polepole, kama anayenisukuma kwa nyuma.

"Bondeni, mama mlezi, twakuenzi daima..."

Mstari wa kwanza, wasomaji wangu, ni ule ule, kwao na kwetu. Niliuimba kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hata kwa ajili ya Mlimani. Kidevu cha Hakimu kilitetemeka. Chozi moja likamtoka chini ya kope, likashuka shavuni, likangoja.

Nami nikavuta pumzi ya mstari wa pili.